Mkamwana Aliyeniita Sokwe

4 Oktoba 1970

Mwalimu Martini, anayetusomesha sisi watu wazima alasiri, ametuambia tusingoje mpaka tupate jambo kubwa. Tuandike kila siku ya nyumbani, hata mstari mmoja, ili mkono uzoee. Herufi za Kiarabu nilizijua chuoni tangu utotoni. Hizi nyingine nimezipata mwaka huu, na nywele zangu zimeshaota mvi. Basi naanza na la leo, nalo si dogo. Mwanangu Sefu amemleta mkewe hapa Ujiji.

Sefu ni mtoto wangu wa pekee, fundi wa injini za boti. Mwaka jana alipelekwa Burundi, upande wa Mabanda, kutengeneza mashine ya kusaga ya misheni moja, na huko akaokota maneno ya Kirundi, akamwona msichana aliyekuwa akiwapikia masista. Shemeji yangu Athumani, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekwenda kuposa. Mimi nilikuwa nimelala na homa. Wakakubaliana kila mmoja abaki na dini yake. Msichana anaitwa Melania. Ni mrefu, na hamwangalii mtu usoni. Nilimwambia karibu mwanangu. Akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili, akasema maneno mengi ambayo sikuambulia hata moja.

Nikamwuliza Sefu kama Kiswahili hajui kabisa. Akajibu kwamba hajui, mimi nitamfundisha. Alisema kama mtu anayeniagiza nimchemshie maji.

6 Oktoba

Sefu ameondoka. Boti yao imekufa injini huko Mpulungu, na hajui atarudi lini, labda mwaka mpya. Tumebaki wawili, mimi na yeye, na nyumba nzima kimya.

9 Oktoba

Hali pamoja nami. Nikimwekea chakula anakichukua, anakwenda nacho nyuma ya nyumba, anageukia ukuta. Wifi yangu Zuhra, dada wa marehemu, alipita akamwona. Akasema kwa sauti kubwa kwamba Sefu ametuletea mshenzi wa milimani asiyejua kukaa na watu. Nilimwambia anyamaze. Akasema, "Kwani anasikia?"

12 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kidogo tu, ya kulaza vumbi.

13 Oktoba

Alikuja ameshika kichwa, uso umemkunjana, akasema "umuti, umuti." Nikadhani anataka mti, nikaenda kumletea ukuni. Akautazama ule ukuni, akanitazama mimi, akaenda kulala. Jioni nilimwuliza mama muuza mkaa, Muha, akaniambia umuti ni dawa. Kichwa kilimwuma mchana kutwa, na mimi nilimpa ukuni.

Nimeishi Ujiji maisha yangu yote na Kiha changu ni cha bei na vipimo tu. Babu zetu walitoka Manyema, na nyumbani kwetu tulilelewa kuona kwamba lugha za shamba ni za watu wa shamba.

17 Oktoba

Leo ametenda jambo ambalo sitalisahau.

Tulikuwa barazani baada ya magharibi, Zuhra yupo, tunasuka ukili. Melania alikaa chini karibu na mlango na kikapu chake anachokisuka kwa nyasi za kwao. Kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona anatabasamu. Akainua uso, akanitazama mimi moja kwa moja, akasema, "Sokwe!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, kama anayengoja nimwitikie. "Sokwe!"

Zuhra aliweka ukili wake chini. Akaniambia, "Wifi Fatu, umesikia mwenyewe. Amekuita nyani wa Gombe."

Niliingia ndani bila kuaga.

20 Oktoba

Simsemeshi.

22 Oktoba

Mvua. Simsemeshi.

25 Oktoba

Zuhra anasema Sefu akirudi aambiwe amrudishe kwao, na kwamba kuna mabinti wazuri hapa hapa mtaani.  Melania anafagia, anateka maji, anapepeta, hana kelele. Leo alikuja kutoka sokoni macho mekundu.

29 Oktoba

Naandika huku nikicheka peke yangu, na huku nina aibu.

Nilikwenda kununua maharage kwa Skolastika. Huyu ni Muha wa Kalinzi, anashuka na magunia yake kila wiki, na lugha yao na Kirundi zinasikilizana. Akaniuliza mbona nimemnunia mkwe wangu. Kumbe Melania humwendea pale sokoni akalia. Nikasema, kwa kuwa ameniita sokwe mbele ya wifi yangu.

Skolastika alicheka mpaka akakalia gunia. Akanieleza. Huko kwao, mtu akitaka kutega kitendawili husema "Sokwe!", na mwenziwe humwitikia "Niruze!", kama sisi tunavyosema kitendawili, na mwingine akasema tega. Msichana alituona tumekaa jioni, kazi mikononi, kama wanavyokaa kwao. Alitaka kucheza nasi. Hakuwa na njia nyingine ya kusema nami, akachukua hiyo. Mimi nikainuka nikaingia ndani.

Nilirudi na maharage yangu kichwani, nikitembea na lile neno mdomoni lisije likaniponyoka. Nilimkuta kinuni anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kanipa mgongo. Nikasema, "Sokwe!"

Mchi ulimtoka mkononi. Akageuka. Akasema polepole, "Niruze."

Hapo nikakumbuka kwamba sina kitendawili chochote katika lugha yake. Mvua ilikuwa inaanza. Nikanyoosha kidole juu ya bati, nikapiga vidole kwenye ukingo wa kinu, taratata, nikajifanya natembea sina viatu. Akasema, "Imvura." Nikasema, "Mvua." Akasema, "Mvua." Nikasema, "Imvura."

Tulitazamana kama watu waliogundua kwamba bibi zao walikuwa ndugu.

1 Novemba

Mwezi umeandama, tumeanza kufunga. Nimemwonyesha kwa ishara kwamba yeye ale kama kawaida. Amekubali kwa kichwa.

3 Novemba

Tumepata mchezo wetu. Tunapopika futari, mmoja anashika kitu, mwingine akitaje kwa lugha isiyo yake. Akishindwa, ndiye anayepuliza moto. Leo nimepuliza mpaka macho yamevimba. Chumvi ni umunyu. Moto ni umuriro. Maji ni amazi, hilo rahisi. Migebuka wanaiita umukeke, na dagaa ni indagara. Yeye alishindwa na mwiko, na alishindwa na kifuu, akanuna kama mtoto.

6 Novemba

Nimegundua kwamba mchana hali. Nilimwachia muhogo na dagaa, ukabaki umefunikwa vile vile hadi nilipofuturu mimi. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimwuliza kwa mikono kwa nini. Akasema neno moja, "gusangira," akashika sahani, akaigawa katikati kwa kiganja, upande wangu na upande wake. Kula pamoja. Leo amekula nami sahani moja, lakini uso ameufunika nusu kwa kanga. Skolastika anasema kwao mkwe kula mbele ya mama mkwe ni jambo zito, na kwamba nisimharakishe.

Kumbe ule ukuta aliokuwa akiugeukia ulikuwa ni heshima yake kwangu.

10 Novemba

Ejo. Hili neno litaniua. Nimemwuliza Melania mkaa ulikwisha lini, akasema ejo. Nikamwuliza tena, je, Skolastika anarudi lini sokoni, akasema ejo. Jana ni ejo na kesho ni ejo. Nilimwambia watu wenu wanajuaje kama wanakwenda au wanarudi? Amecheka, akasema kwa Kiswahili chake, "Sikiliza kitenzi, Mama." Hilo la kitenzi ni langu, nimelitoa kwa Mwalimu Martini nikampa juzi. Amelirudisha kwangu limeiva.

14 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Hatukutoka. Amenisukia mfuniko wa kikapu, mimi nimemfundisha kuanza mkeka wa ukili. Vidole vyake vinaelewa kabla ya masikio. Nikimwambia "pitisha chini" tayari amepitisha.

15 Novemba

Anajua kuhesabu hadi mia.

19 Novemba

Tulishuka ziwani kuanika dagaa. Kunguru hawakutupa nafasi. Yeye huko mwisho wa mchanga, mimi huku, tunapeana amri: fukuza, geuza, kimbia, huyo, huyo. Maneno ya kukimbilia hayasahauliki. Wavuvi walisimama kutusikiliza, bibi mzima wa Ujiji anapiga kelele kwa Kirundi. Zamani ningeona haya. Leo niliona tu kwamba dagaa zetu ni safi kuliko za wengine wote.

Ninamtazama sana siku hizi. Ana subira ambayo mimi sina. Neno likimshinda, analiweka kando kama anayeweka punje mbaya, halafu asubuhi analichukua tena akiwa peke yake uani, analisema, analisema, mpaka linakaa. Mimi neno likinishinda nalilaumu.

24 Novemba

Zuhra amekuja kufuturu. Melania alimwamkia, "Shikamoo Shangazi," akampa maji ya kunawa, akamwuliza habari za magoti yake. Zuhra aliitikia marahaba kwa mdomo mdogo sana.

1 Desemba

Idi. Melania alipika pilau mwenyewe, mimi nimekaa kwenye kiti. Chumvi ilizidi kidogo. Nilikula yote.

5 Desemba

Mwalimu Martini alisoma haya maandishi yangu, akasema yeye aliisoma lugha ya kigeni miaka mingi kwa fimbo na kwa vitabu, na mpaka leo hawezi kununua nayo samaki. Anataka tuje na Melania darasani. Nimemwambia ngoja kwanza.

9 Desemba

Leo nimefasiri. Sijui kama nitaweza kuyaandika yote, lakini nataka.

Asubuhi Skolastika alibisha hodi akiwa na mwanaume wa makamo, amevaa koti zito na joto lote hili, mkononi kibuyu cha asali. Skolastika akasema, huyu ni Faustini, kaka mkubwa wa Melania, mfuga nyuki, ametoka Mabanda, amefikia kwake Kalinzi. Kisha akasema mvua inakuja na maharage yake hayajafunikwa, akaondoka haraka. Nilimwona ana aibu, na baadaye nikajua kwa nini.

Melania alimkimbilia kaka yake, wakashikana mikono muda mrefu. Lakini yule bwana hakutaka kukaa. Nilielewa kwamba anangoja wakubwa wa nyumba. Nikamtuma mtoto wa jirani kwa Athumani, akaja, na Zuhra nyuma yake.

Faustini alisimama akasema. Sijawahi kusikia mtu akizungumza vile. Hakupaza sauti. Alikuwa akiweka neno, ananyamaza, analiacha litue, ndipo anaweka la pili, na mikono yake ikiyafuata. Hata Athumani asiyejua kitu alikaa wima. Mimi nilidaka huku na kule: mama, mtoto, nyumba, ararwaye, yaani anaumwa, na ejo. Nikainua mkono, nikamwomba kwa Kirundi aseme buhoro, polepole, mimi ni mwanafunzi.

Alishtuka. Alimtazama dada yake, kisha mimi. Akaanza upya, safari hii kama anayezungumza na mtoto, na nikamfuata.

Alisema kwao walipata habari kwa wachuuzi wanaovuka mpakani Manyovu kwamba Melania anakaa katika nyumba ambayo hakuna anayemsemesha, na kwamba analia sokoni. Kumbe Skolastika ndiye aliyepeleka neno hilo, katika zile siku zangu za kununa. Habari ilimkuta mama yao ameshaanza kuugua, na ikamzidishia. Amekuja kumchukua. Wataondoka ejo, na nilikisikiliza kitenzi: kesho.

Athumani akauliza, "Anasemaje?" Nikafasiri, bila kupunguza.

Zuhra akasema, "Basi aende kwao. Nani amemzuia?"

Faustini akamgeukia dada yake, akamwuliza mbele yetu sote kama ni kweli. Melania alikuwa amesimama karibu na nguzo, ameshika kanga yake kidevuni. Nilidhani atasema si kweli. Kwao mkwe hamsemi mama mkwe vibaya, nalijua hilo, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilitamani aseme si kweli. Akasema kweli. Alisema polepole, macho chini, na kila sentensi aliyoimaliza, Athumani alinitazama akingoja.

Nikasema, "Anasema mwezi wa kwanza nilikaa naye kama mtu aliyewekewa mzigo wa mgeni."

Akaendelea. Nikasema, "Anasema alitaka kucheza nami, nikamwacha barazani, nikamnyamazia siku nyingi, na hakujua amekosa nini."

Akaendelea. Nikasema, "Anasema Zuhra alimwita mshenzi. Hakulijua lile neno siku ile, lakini alilihifadhi, na alipojifunza Kiswahili alilikuta na maana yake."

 Zuhra alitazama miguu yake.

Melania hakuwa amemaliza. Akanyanyua uso, akamwambia kaka yake mengine, mengi, sauti imebadilika. Alisema jinsi nilivyokuja kinuni na maharage kichwani. Akasema nimekubali kuchekwa na wavuvi kwa ajili yake. Akasema kwamba kwa masista alipika miaka na hakuna aliyewahi kumwuliza chumvi kwenu mnaitaje, na mimi nilimwuliza, na nilipokosea nilipuliza moto kama mtoto mwenzake.

"Anasemaje?" Athumani akauliza. Akauliza tena. Hilo sikulifasiri. Nilishindwa.

Badala yake nilisimama mimi. Sina Kirundi cha kusimamia mbele za watu. Cha kwangu ni cha jikoni, na nilikwenda nacho hicho hicho. Nilisema:

"Faustini, mimi sina maneno makubwa. Nina maji, moto, chumvi, samaki. Yote amenipa dada yako. Mwanzo nilikuwa mbaya. Ni kweli, amesema kweli. Sasa mvua ikija tunaingia pamoja. Samaki akiwa mmoja tunamkata katikati. Turasangira. Yeye ni mtoto wangu. Mama yake anaumwa, aende. Lakini asiende kama mtu aliyefukuzwa. Aende kama mtu mwenye nyumba mbili."

Nadhani nilikosea nusu ya vitenzi, kwa sababu Melania aliuma kanga.  Faustini akavua lile koti, akalikunja, akaliweka kwenye mkeka, akakaa juu ya mkeka wangu, akasema ana njaa.

Athumani hakuhitaji kufasiriwa hilo. Melania alishakwenda kuwasha moto.

10 Desemba

Nimeamua kwenda nao. Athumani anasema nina wazimu, barabara ya Manyovu na mvua hizi. Nimemwambia nilipaswa kwenda tangu mwaka jana.

11 Desemba

Zuhra alikuja asubuhi, tukiwa tumeshafunga mizigo. Amebeba dagaa kikapu kizima na mche wa sabuni. Akamwekea Melania mikononi, akasema, "Mpelekee mama yako." Akasimama kidogo, kana kwamba kuna kingine. Melania akamwambia, "Ahsante, Shangazi. Utuombee dua." Zuhra akaondoka akifuta uso kwa mtandio.

12 Desemba

Kalinzi, nyumbani kwa Skolastika. Lori lilikwama mara nyingi, tulisukuma wote. Baridi ambayo sijapata kuiona, na kahawa kila upande, imelowa inang'aa. Skolastika ameniomba radhi kwa neno alilopeleka. Nimemwambia asingelipeleka, nisingekuwa hapa.

14 Desemba

Mabanda. Magoti yangu yamekwisha. Yote ni vilima, na kila kilima kina mtu anayetusalimu kwa maswali kumi.

15 Desemba

Mama yake Melania anaitwa Regina. Amelala karibu na moto, amebaki mifupa, lakini macho yake ni ya mtu anayeelewa kila kitu. Niliposema mwaramutse, salamu yao ya asubuhi, alifumba macho kwa furaha, halafu akanirekebisha namna ya kuivuta ile silabi ya mwisho. Nikarudia. Akanirekebisha tena. Melania alituomba tupumzike, tukamkatalia wote wawili.

16 Desemba

Leo tumemenya maharage mabichi, yeye akiwa kitandani, ungo kati yetu. Mikono yake haina nguvu, lakini aliyatenga mabovu kwa kidole.

Akaniuliza sisi maharage tunayaitaje. Akayasema. Akauliza maji, akauliza mlango, akauliza jua na ziwa, akauliza tunamwambiaje mtoto asubuhi anapoamka. Nilidhani anajipumbaza tu asisikie maumivu. Nikamwuliza kwa nini anayataka maneno yote haya sasa, naye amechoka hivi.

Akasema, polepole ili nielewe, "Binti yangu ataishi humo. Nataka kujua pakoje."

Nilimfundisha mpaka aliposinzia.

18 Desemba

Melania atabaki na mama yake. Hakuniomba ruhusa, na ningekasirika angeniomba. Faustini atanisindikiza mpaka Manyovu. Regina aliniaga kwa Kiswahili, "Kwaheri, dada." Nilimjibu kwa Kirundi chetu sote wawili, kibaya changu na kizuri chake.

21 Desemba

Nimefika Ujiji. Nyumba ina mwangwi.

26 Desemba

Mvua. Nimewafukuza kuku jikoni kwa Kirundi.

3 Januari 1971

Sefu amerudi kutoka Mpulungu, mweusi kwa mafuta ya injini. Alinikuta najibu hodi, nikamwambia karibu, kaa, mkeo yuko kwa mama yake anayeumwa. Akanitazama mdomo wazi. Nilikuwa nimesema yote kwa Kirundi. Akaja akaniinamia, akanibusu mkono.

5 Januari

Sefu amekwenda Mabanda.

11 Januari

Nimempeleka Zuhra darasani kwa Mwalimu Martini. Amekaa nyuma kabisa. Ameniuliza njiani sombe kwa Kirundi ni nini. Nimemwambia isombe. Akasema, "Hiyo tu?"

24 Januari

Wamerudi. Nilimwona Melania akishuka kwenye lori amenyolewa nywele zote, nikajua kabla hajasema.

Sikumwuliza. Nilimwekea maji ya kuoga, nikampa kanga kavu. Sefu alitaka kuanza kueleza, nikamwambia aende akamwamkie baba yake mdogo. Tukabaki wawili jikoni. Nikaweka sufuria motoni, nikachukua umukeke wawili nikaanza kuwapara, na nikamsemesha kwa Kirundi, ili asichoke.

Yeye akanijibu kwa Kiswahili.

Alikaa kwenye kibao, mikono magotini, akaanza tangu siku niliyoondoka. Alisema mama yake alikuwa akiamka asubuhi na kumtajia maji, mlango, jua, na kumwuliza kama amesema sawa. Alisema siku ya mwisho mvua ilikuwa haijanyesha, na Faustini alikuwa kwenye mizinga yake, na yeye alikuwa anamwosha miguu. Alisema miguu ilikuwa ya joto, kisha haikuwa ya joto. Hakuharakisha. Alipokosa neno alisubiri, nami nilisubiri naye, mpaka likamjia. Alilia katikati, akafuta uso, akaendelea pale pale alipoachia.

Sikumbuki kama samaki waliungua. Nilikaa chini mbele yake, kisu mkononi, nikimtazama binti huyu aliyekuja kwangu hajui hata kuomba dawa ya kichwa, sasa ananizikia mama yake kwa lugha yangu, neno kwa neno, mpaka kaburi likafunikwa. Alikosea ngeli hapa na pale. Sikumrekebisha.